NYUMBA NJEMA HAILI SHAMBA LAKE

Mkulima akimaliza nyumba mpya, majirani huja kumpa hongera. Hutazama mabati yanavyong'aa, hupiga ukuta kwa kiganja, huhesabu vyumba na madirisha. Ni desturi njema, maana nyumba ni jasho la mtu. Lakini ni nadra kumsikia mgeni akiuliza: Udongo wa ukuta huu ulichimbwa wapi? Kuni zilizouchoma zilikatwa wapi? Na mahali hapo pana nini sasa?

Maoni yetu mwezi huu ni kwamba maswali hayo matatu yangepaswa kutangulia hongera. Tena yafaa yaulizwe na mwenye nyumba mwenyewe, kabla hajamwita fundi na kabla hajapiga sururu ya kwanza. Twawaandikia hasa ninyi wakulima wa skimu, kwa sababu ninyi mna jambo moja ambalo mtu wa mjini hana: yeye hujenga kwa udongo wa mwenzake, nanyi mwajenga kwa udongo wenu wenyewe.

Kila nyumba ina shimo lake

Nyumba haijengwi kwa upepo. Kila kilichoinuka juu ya ardhi kimetolewa katika ardhi, na mahali kilipotolewa pamebaki shimo. Mawe ya kuchonga yaliyoujenga mji wa Nairobi yalikatwa katika matimbo ya kando ya mji na ya Kiambu. Mchanga wake mwingi hupakiwa kwenye malori kutoka mito ya Machakos, Makueni na Kajiado. Mwenye nyumba ya ghorofa haoni mashimo hayo. Aonaye ni mkulima wa Ukambani.

Mchanga wa mto wa msimu ni ghala la maji. Mvua ikinyesha, maji huingia katikati ya chembe za mchanga, yakakaa humo bila kupigwa na jua, hata wakati wa kiangazi mama akichimba kwa mkono huyapata. Kwa sababu hiyo wakulima wa huko wamejenga kuta za zege kukata mito, ili mchanga ujae nyuma yake na maji yawekwe. Mchanga ukibebwa wote, mto hubaki mwamba mtupu. Maji ya mvua hupita mbio, na mwezi wa pili akina mama hutembea maili nyingi na mitungi. Jambo hili liliwaumiza watu wa Makueni hata mwaka 2015 kaunti yao ikatunga sheria ya kulinda mchanga. Hawakukataa nyumba zisijengwe. Walikataa tu nyumba ya mtu mmoja isinywe maji ya kijiji kizima.

Basi sisi wa skimu hatuna haja ya kwenda mbali kulitafuta shimo la nyumba zetu. Limo humo humo shambani.

Shamba haliongezeki

Wazee watakumbuka Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962. Familia zipatazo 35,000 zilipewa mashamba katika nchi iliyokuwa ya walowezi: Kinangop, Ol Kalou, Lugari, Sotik na kwingineko. Hawakupewa bure. Walitia sahihi mikopo ya kulipwa kwa miaka 30, wakalipa kwa maziwa, kwa pareto, kwa mahindi na kwa viazi. Wako waliouza ng'ombe ili wasinyang'anywe shamba.

Shamba la ekari ishirini au thelathini la siku zile sasa limegawanyiwa wana, na wana wamewagawia wajukuu. Mahali palipokuwa na boma moja pana maboma sita. Kila kijana anayeoa ataka nyumba, na haki yake ni kuwa nayo. Lakini nyumba sita zikijengwa kwa njia ile ile iliyojenga moja, shamba litaumia mara sita, nalo sasa ni dogo. Hesabu hii ndiyo inayotufanya tuandike. Babu aliweza kuacha shimo katika pembe ya ekari thelathini asilione tena. Mjukuu mwenye ekari mbili hulizunguka kila siku.

Tanuri hula mara mbili

Katika skimu nyingi, hasa za Magharibi na Trans Nzoia, nyumba hujengwa kwa matofali ya kuchoma. Hatuyadharau matofali hayo. Yakiiva vizuri ni imara, hayaogopi mvua, na kazi ya kuyafyatua imewapa vijana wengi fedha ya karo na ya mbegu. Mtu asemaye kwamba wachoma matofali ni watu wabaya hajui maisha ya kijijini.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Kwanza udongo huchimbwa, na mara nyingi huchimbwa bondeni karibu na mto, kwa sababu hapo pana mfinyanzi mzuri na maji yako karibu. Udongo wa juu, ule mweusi uliojaa mbolea ya miaka mingi, huondolewa na kutupwa ovyo au kuchanganywa humo humo. Baadaye matofali hupangwa yakawa kama nyumba, huachwa mianya chini, na magogo huwashwa humo siku kadha, usiku na mchana. Tanuri hilo halina ukuta mwema wa kuzuia joto. Sehemu kubwa ya moto huenda hewani. Matofali ya katikati huiva, ya nje hubaki mabichi, na yaliyo karibu mno na moto huyeyuka yakapindika. Mwenye kazi huyatupa hayo yaliyoharibika, lakini kuni zilizoyachoma hazirudi.

Hivyo tanuri hula mara mbili: hula udongo, hula na miti. Kwanza huliwa mikaratusi iliyopandwa kwa kazi hiyo. Ikiisha, shoka huelekea kwenye miti ya mpakani, kisha kwenye miti ya asili ya kando ya mto, ile iliyokuwa ikiushika ukingo. Mvua kubwa ikija, ukingo huanguka na mto hupanuka ukila shamba. Mwenye shamba husema ni kazi ya Mungu. Tungemwuliza kwa heshima: ni nani aliyeikata mizizi?

Na shimo? Shimo hujaa maji. Mbu huzaliana humo. Ndama huanguka, na mahali pengi tumesikia habari ya kusikitisha zaidi, ya watoto waliokwenda kuogelea wasirudi. Aliyeuza matofali alihesabu fedha ya matofali. Hakuhesabu udongo ambao hautaota mahindi tena, wala mti utakaochukua miaka mingi kukua, wala shimo atakalowarithisha watoto wake.

Simiti nayo si suluhisho la kila kitu

Wengine watasema: Kama tanuri ni baya, tutajenga kwa mawe na simiti tupu kama watu wa mjini. Mwenye uwezo hatumzuii. Lakini simiti nayo ina tanuri lake, ila liko mbali. Mawe ya chokaa huchomwa katika joto la nyuzi kama 1,450 za sentigredi hata yakageuka. Moto huo hutoa moshi, na jiwe lenyewe likichomwa hutoa hewa ya kaboni iliyokuwa ndani yake. Katika dunia nzima, kazi ya kutengeneza simiti hutoa sehemu kama 7 au 8 katika kila 100 za hewa ya kaboni itokayo katika kazi za wanadamu, na hewa hiyo ndiyo inayoifunika dunia kama blanketi na kuiongezea joto.

Mkulima asiseme kwamba jambo hilo ni la wataalamu. Ni nani aliyeumia mvua ilipokosa kunyesha majira matano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022? Ni nani aliyeona mashamba na madaraja yakichukuliwa na mafuriko ya Machi hadi Mei mwaka 2024? Majira yakiharibika, wa kwanza kulipa ni mkulima, hata kama si yeye aliyewasha moto mkubwa.

Basi simiti tuitumie, maana ina faida kubwa, lakini tuitumie kama chumvi katika mboga. Chumvi kidogo hukoleza sufuria nzima. Hapana apikaye sufuria ya chumvi.

Tofali lisilochomwa

Njia ipo, wala si mpya. Katika miaka ya 1950, mhandisi mmoja wa Chile, Raúl Ramírez, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha mambo ya nyumba huko Bogotá, nchi ya Kolombia, alibuni mashine ya mkono ya kushindilia udongo. Mtu hutia udongo uliochanganywa na simiti kidogo ndani ya sanduku la chuma, huvuta mkono mrefu wa chuma, na udongo hubanwa kwa nguvu nyingi ukawa tofali. Moto hauhitajiwi. Mashine za namna hiyo zimeenea katika nchi nyingi, na hapa kwetu zinatengenezwa Nairobi. Ziko hata zitoazo matofali yenye meno na mifereji, yanayoshikana lililo juu na lililo chini, hata fundi hutumia mota kidogo sana. Shirika la Viwango la Kenya lilikwisha toa kipimo cha matofali ya namna hii mwaka 1993. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba ni mchezo wa watoto.

Kazi yake ni hii. Ondoeni kwanza udongo wa juu, kiasi cha futi moja, muuweke kando. Huo ni wa bustani, si wa ukuta. Udongo wa chini, ule mwekundu wenye mchanga mchanga, ndio ufaao. Udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi haufai, maana huvimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka.

Ili kujua udongo wenu ni wa namna gani, fundi mbao awatengenezee kisanduku chenye urefu wa sentimita 60 kwa ndani, upana sentimita 4 na kina sentimita 4. Kipakeni mafuta ndani, mjaze udongo uliolowana, mlainishe juu, mkiache juani siku tatu. Udongo utasinyaa. Usukumeni wote upande mmoja, kisha pimeni nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki milimita 15, karai moja la simiti lachanganywa na makarai 18 ya udongo. Ikiwa ni kati ya 15 na 30, makarai 16. Kati ya 30 na 45, makarai 14. Kati ya 45 na 60, makarai 12. Ikizidi hapo, tafuteni udongo mwingine au ongezeni mchanga. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nacho chaweza kuwaokoa na hasara ya nyumba nzima.

Udongo uchekechwe kwanza. Uchanganywe na simiti ukiwa mkavu hata uwe rangi moja, ndipo maji yanyunyizwe kidogo kidogo. Kujua kama maji yametosha, finyangeni donge mkononi, mliangushe kutoka kimo cha mita moja juu ya ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne, vitano au sita, ni sawa. Likibaki zima, maji yamezidi. Likiwa vumbi, maji ni machache. Msichanganye udongo mwingi kuliko mtakaoumaliza katika saa moja, maana simiti haimngojei mtu.

Kundi la watu watano au sita waliokwisha zoea laweza kufyatua matofali kama 400 kwa siku, na mfuko mmoja wa simiti wa kilo 50 hutoa matofali kama 100, na hata zaidi udongo ukiwa mwema.

Hapo ndipo wengi huharibu. Tofali likitoka mashineni huonekana gumu, na mwenye nyumba ana haraka. Lakini simiti haikauki tu. Hufanya kazi, na kazi yake huhitaji maji. Matofali yafunikwe kwa nailoni au majani, yanyunyiziwe maji kila siku kwa muda wa siku 7, kisha yapangwe kivulini hata zitimie siku 28. Ajengaye kabla ya siku hizo ajenga nyumba ambayo itamcheka wakati wa mvua. Haraka haraka haina baraka.

Watu wasemayo

Tumesikia maneno matatu yakisemwa juu ya matofali haya, na haifai kuyaacha bila jibu.

Neno la kwanza: "Nyumba ya udongo ni nyumba ya maskini." Tunalielewa neno hili. Wazazi wetu wengi waliishi katika nyumba za fito na udongo zilizohitaji kukandikwa kila mwaka, na kuziacha kulikuwa ni maendeleo. Lakini tofali la kushindiliwa si ukuta wa fito. Limepimwa, limebanwa na limetiwa simiti. Tena tukumbuke kwamba tofali la kuchoma nalo ni udongo. Tofauti ni kwamba moja limegharimu msitu, na jingine limegharimu jasho. Umaskini wa kweli ni kuwa na nyumba ya fahari katika shamba lisilo na mti.

Neno la pili: "Mashine ni ghali." Ni kweli, kwa mtu mmoja. Lakini ni nani kati yenu aliyenunua peke yake tangi la kupozea maziwa? Chama cha ushirika ndicho kilichonunua. Mashine ya matofali ni ya namna hiyo hiyo. Chama kikiwa na mashine moja, wanachama hukodi kwa zamu, na fedha ya kukodi hurudi kuitengeneza ikiharibika. Vijana wanaofyatua matofali ya tanuri leo ndio wafaao kufundishwa kuitumia kesho. Hatutaki wapoteze kazi. Twataka waendelee kuifanya bila kumaliza kuni na mabonde.

Neno la tatu: "Mvua italiyeyusha." Neno hili lina kweli ndani yake, nasi hatutaki kulificha. Adui wa ukuta wa udongo ni maji yatokayo chini na maji yarukayo kando. Lakini adui ajulikanaye hushindwa. Msingi uwe wa mawe, upande juu ya ardhi kiasi cha futi moja au zaidi. Juu ya msingi litandikwe karatasi la nailoni au la lami la kuzuia unyevu. Paa litokeze nje ya ukuta futi mbili. Mfereji uchimbwe kuizunguka nyumba ili maji yasisimame. Nyumba iliyovaa viatu vizuri na kofia pana haiogopi mvua.

Jua, baridi na mabati

Nyumba njema si kuta peke yake. Sisi tulio karibu na ikweta, jua hutuchomozea mashariki na kututulia magharibi karibu mwaka mzima. Nyumba ndefu ikielekezwa kuta zake ndefu kaskazini na kusini, jua kali la asubuhi na la alasiri hupiga zile kuta fupi tu, na vyumba hukaa na hali njema. Kugeuza nyumba namna hiyo hakugharimu hata senti moja. Kwahitaji tu kufikiri kabla ya kufunga kamba za msingi.

Ukuta mnene wa udongo una tabia nyingine nzuri: hupokea joto polepole mchana na kulitoa polepole usiku. Watu wa Kinangop na Ol Kalou, ambako usiku ni baridi ya kutetemesha, watalipenda jambo hilo. Lakini joto lisitoroke juu. Mabati matupu huwaka mchana na kuganda usiku, kwa hiyo ni vizuri dari iwekwe, hata ikiwa ni ya mbao nyepesi au ya mikeka.

Mabati hayo hayo yana kazi kubwa kuliko kivuli. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja ya maji. Tuseme paa lenu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 7, yaani mita za mraba 70, na mahali penu hupata milimita 900 za mvua kwa mwaka. Hizo ni lita 63,000. Tutoe sehemu moja katika tano ya kumwagika na kupotea, zabaki zaidi ya lita 50,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, hutumia kiasi cha lita 43,800 kwa mwaka. Maji ya kunywa, kupika na kunawa ya mwaka mzima yanaanguka juu ya kichwa chenu, nanyi mwayaacha yachimbe makorongo uani na kuubeba udongo wenu mtoni.

Si kila mtu awezaye kujenga tangi la kuyaweka yote. Lakini tangi la lita 10,000 huitosha familia hiyo karibu miezi mitatu ya kiangazi. Anzeni na mfereji wa paa na pipa, kisha tangi dogo, kisha kubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Na wanaume tusisahau ni nani ashikaye ndoo. Mwanamke asiyekwenda mtoni saa mbili kila siku ana saa mbili za kuangalia ndama, bustani na watoto.

Shimo liwe na kazi

Tulisema kwamba kila nyumba ina shimo lake. Hatuwezi kulikwepa, lakini twaweza kulichagua. Mkulima mwenye busara huchimba udongo wa matofali mahali ambapo angechimba hata kama hajengi. Shimo la choo lahitajiwa. Udongo wake wa chini waweza kuwa ukuta. Tangi la chini ya ardhi lahitajiwa. Udongo wake vile vile. Kuna na shimo la mbolea, na kuna bwawa dogo la kunyweshea mboga, lililozungushiwa ua ili mtoto asiingie. Shimo lililopangwa hivyo si jeraha la shamba. Ni chombo cha kazi.

Mashimo ya zamani nayo yasiachwe. Jazeni takataka za shamba na udongo, rudisheni udongo wa juu, mpande migomba. Na kingo za mito zirudishiwe miti ya asili. Serikali imekusudia kupandwa miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini haitatimia ikiwa tunapanda mche mmoja mlangoni kwa mkono wa kulia, na kulisha tanuri miti mitatu kwa mkono wa kushoto.

Wajibu wa kila mmoja

Haifai kumtwika mkulima mzigo wote. Kaunti zina vyuo vya ufundi vya vijijini. Twaomba vyuo hivyo viwafundishe mafundi kazi ya matofali ya kushindiliwa kwa bidii ile ile wanayofundishwa kuunganisha vyuma na kushona. Leo mkulima akiitaka nyumba ya namna hii, mara nyingi hukosa fundi aijuaye, naye fundi asiyeijua humwambia kwamba haifai. Kanuni za Ujenzi za mwaka 1968 zilitumika zaidi ya miaka hamsini, na sasa mahali pake zimekuja Kanuni za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025. Maofisa wa kaunti na wazishike kwa namna ya kumsaidia mwananchi ajengaye kwa akili, wala si kwa kumtisha. Na mkulima ajengaye katika soko au kituo cha biashara apeleke ramani yake ofisini kabla ya kuanza, ili asije akabomolewa.

Vyama vya ushirika navyo vitie jambo hili katika mkutano mkuu wa mwaka huu. Lisemwe waziwazi: Je, tununue mashine? Ni nani atakayeitunza? Zamu itakwendaje? Mkutano unaogombana saa nzima juu ya posho za kamati hauwezi kukosa nusu saa ya kuzungumza juu ya udongo wenyewe unaowaweka hai wanachama.

Kwa mkulima anayekusanya fedha za nyumba sasa hivi, shauri letu ni hili. Kabla ya mvua hazijaisha, tengenezeni kile kisanduku cha kupimia udongo. Tembeeni shambani pamoja na mama na watoto wakubwa, mchague mahali pa choo na pa tangi, na mpime udongo wa hapo. Maji yangalipo, fyatueni matofali na kuyanyunyizia. Kiangazi kikiingia, jengeni. Miti iliyo mpakani iacheni isimame. Mtaihitaji kwa kivuli, kwa nguzo, na kwa kuushika udongo.

Wazee waliolilipia shamba hili miaka 30 hawakununua matofali. Walinunua ardhi ya kulima. Atakayejenga juu yake na ajenge nyumba nzuri, ya fahari, yenye madirisha makubwa na maji mlangoni, lakini akiisha kujenga, shamba liwe bado ni shamba.